Vigae vya Mkuranga, bei ya Kariakoo

Mfanyabiashara mmoja wa vigae Kariakoo, aliyeomba asitajwe kwa kuwa bado anadaiana na viwanda, ana hesabu asiyochoka kuirudia. Mzigo wenye thamani ya shilingi milioni moja ukifika bandarini unabeba ushuru wa asilimia 35, kisha VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Tayari ni shilingi 1,593,000, na tozo nyingine hazijaguswa, wala kuli hajalipwa.

Ngazi hiyo ya asilimia 35 ilianza Julai 2022, nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kulinda bidhaa kadhaa, za kauri zikiwemo. Yeye na wenzake waliambiwa kigae cha nyumbani kingechukua nafasi ya kile cha Uchina na India, tena kwa unafuu. Nafasi kimechukua, anasema, unafuu ndio hajauona. Kwa maelezo yake, mwenye kiwanda hana haja ya kushusha bei. Inamtosha kukaa hatua moja chini ya cha nje. Anadai pia kwamba baadhi ya viwanda vinamuuzia mteja getini kwa bei inayokaribiana na yake, ilhali yeye analazimika kuchukua lori zima la muundo mmoja. Ukipitwa na wakati, unamlalia stoo.

Ofisa mmoja anayefuatilia sekta hii haoni tatizo. Udongo ni wetu, gesi ni yetu, na viwanda vya mkoa wa Pwani, Mkuranga na Chalinze, vinatosha kulisha soko na kuuza nje. Gesi ya kusini kweli inapita Mkuranga, na tanuru la vigae, linalochoma kwa nyuzi zipatazo 1,200, halina mchezo na nishati. Ila alipobanwa kuhusu bei, ofisa alirudi kwenye uwezo wa mitambo. Uwezo wa mitambo hauuzwi kwa boksi.

Mjenzi wa kawaida hana habari na mvutano huo mpaka siku ya kununua. Wengi wetu tunajenga kwa awamu: boksi kumi mwezi huu, nyingine mshahara ukikaa sawa. Hapo ndipo vigae vinapoumbua watu. Kila boksi lina namba ya toni na ya mkupuo wa uzalishaji, na toni ya Machi huenda isipatikane Septemba. Sebule inabaki na kiraka ambacho mgeni anakiona kabla ya kochi.

Boksi la sitini kwa sitini lenye vigae vinne linafunika mita za mraba 1.44, si moja na nusu kama wengi wanavyokadiria. Chumba cha mita 4 kwa 5, ukiongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kukata na kuvunjika, kinataka boksi 16. Wanaonunua 14 ndio hao wanaorudi dukani na kipande mkononi, wakiuliza toni.

Ubora nao una vipimo vyake. Poselini halisi hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kigae cha ukutani kinaweza kupita asilimia 10, na kukilaza sakafuni ni kutafuta nyufa. Dukani hakuna maabara, lakini tone la maji mgongoni mwa kigae linasema mengi: likinywewa upesi, si poselini, hata boksi liandikwe nini. Vigae viwili ukivikutanisha uso kwa uso, kilichopinda kitacheza. Vinavyong'aa kama kioo achia sebule. Bafuni vinaangusha watu.

Halafu kuna fundi. Wauzaji wawili walikiri, bila aibu sana, kwamba fundi anayeleta mteja ana cha juu chake, na mara nyingi ndiye anayechagua. Mwenye nyumba anabaki kuchagua rangi.

Mbele hapasomeki vizuri. Viwango vya ushuru hupitiwa kila mwaka wa bajeti, na mfanyabiashara wetu anaamini vitapanda tena. Ofisa anasema ushindani wa viwanda vyenyewe utashusha bei. Huenda. Kwa sasa mfanyabiashara ameacha kuagiza mzigo wa nje, na lori lililopakuliwa mlangoni kwake wiki tuliyozungumza naye lilitoka Mkuranga.