Vidonge vya Ngozi Vinapodanganya Maabara

Mgonjwa akiulizwa dawa anazotumia, hutaja za presha na za kisukari. Kidonge cha kulainisha ngozi na kukuza nywele hakitaji, kwa kuwa kwake hicho si dawa. Naomba tuanze kukitaja, kwa sababu kinaweza kupotosha majibu ya damu.

Vidonge vingi vya aina hiyo vina biotini, yaani vitamini B7. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 30 kwa siku, kiasi ambacho wengi wetu hukipata kwenye mayai, maini, samaki na karanga. Kidonge kimoja huweza kuwa na maikrogramu 5,000, hata 10,000. Upungufu wa biotini kweli huleta vipele na kunyonyoka nywele, lakini ni nadra. Kwa asiye na upungufu, ushahidi kwamba biotini hunawirisha ngozi ni hafifu mno.

Ziada hiyo hutoka na mkojo, ila kabla haijatoka huzunguka katika damu. Hapo ndipo penye tatizo. Mashine nyingi za maabara hutumia kingamwili zilizounganishwa na biotini, nayo hunaswa na protini iitwayo streptavidini ili kinachopimwa kibaki na kusomwa. Damu ikijaa biotini ya vidonge, hiyo ndiyo inayowahi nafasi. Kingamwili za kipimo hukosa pa kushika, huoshwa, na jibu huharibika.

Troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, husomeka chini kuliko ilivyo. Kwenye tezi ya thairoidi, homoni ya TSH husomeka chini na ya T4 juu, sura ileile ya tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Mtu mwenye afya anaweza kuanzishiwa dawa za ugonjwa asio nao. Novemba 2017, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa ya kifo cha mgonjwa aliyetumia biotini nyingi na troponini yake ikasomeka chini. Baadhi ya watengenezaji wamekwisha kurekebisha vipimo vyao, lakini mgonjwa hawezi kujua atapimwa kwa mashine ipi.

Na vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya ubongo? Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008 uliwapa wazee miligramu 120 za dondoo la mmea wa ginkgo mara mbili kwa siku, au kidonge kisicho na dawa. Walikuwa 3,069, wenye miaka 75 na zaidi. Ginkgo haikupunguza ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Vitamini B12 ni habari nyingine: ikipungua, husababisha ganzi miguuni na usahaulifu, na aliyepungukiwa akipewa mapema hunufaika kweli. Walio hatarini zaidi ni wazee, wasiokula vyakula vya wanyama, na wanaotumia metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Lakini baadhi ya vipimo vya B12 navyo hudanganywa na biotini, vikaonyesha kiwango cha juu kuliko kilichopo. Kidonge cha ngozi kikaficha upungufu unaoumiza ubongo.

Basi, kama unatumia vidonge vya biotini, acha angalau siku mbili kabla ya kupimwa thairoidi. Mwenye dozi kubwa au ugonjwa wa figo amuulize daktari, maana huenda akahitaji muda zaidi. Na ukifika hospitali na maumivu ya kifua, usisubiri kuulizwa: mwambie daktari mara moja, na kama kopo unalo, mwonyeshe.