Kikomo cha mkopo wa nyumba kimepanda, hati Kilosa na Mikumi bado chache

Tangu zilipotoka kanuni za mikopo ya nyumba za mwaka 2015, benki inaruhusiwa kumkopesha mnunuzi hadi asilimia 90 ya thamani ya nyumba. Awali mwisho ulikuwa asilimia 80. Mfanyakazi wa Kilosa anayetaka nyumba ya shilingi milioni 50 sasa anaweza kuanza na milioni 5 mkononi badala ya milioni 10.

Hiyo milioni 5 nyingine imehamia kwenye deni. Riba za mikopo hii zimekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Tukichukua 17 kwa miaka 15, mkopo wa milioni 40 unadai marejesho ya takriban shilingi 616,000 kwa mwezi, na wa milioni 45 takriban 693,000. Hadi deni liishe, milioni 5 iliyoongezwa itakuwa imerudishwa kwa karibu milioni 14. Mtumishi wa umma anatakiwa kubakiwa na theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote, hivyo walimu na wauguzi wengi watakwama kwenye mshahara kabla hawajafika kwenye hiyo asilimia 90.

Naona kikwazo kikubwa zaidi ni ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya wilaya ya Kilosa ni ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenye hati ya kimila anatambulika kisheria, ila benki inasita: mkopaji akishindwa kulipa, kumuuzia mtu wa nje ya kijiji kunahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Ndiyo maana familia nyingi hujenga kwa kudunduliza, msingi mwaka huu, bati mwaka kesho, bila senti ya benki. Hao kupanda kwa kikomo hakukuwagusa.

Kuliwagusa wenye viwanja vilivyopimwa. Vikiwa vichache, halafu wanunuzi wakaongezewa uwezo wa kukopa, faida huangukia kwa muuzaji. Kwa hiyo anayetafuta kiwanja karibu na stesheni ya reli ya kisasa (SGR) ya Kilosa, au Mikumi kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, asipokee bei ya dalali bila tathmini yake mwenyewe. Kilosa aulize pia maji yalifika wapi Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010.

Mwekezaji wa gesti Mikumi ana hesabu nyingine. Wateja wake ni wasafiri wa barabara kuu na wageni wa Hifadhi ya Mikumi, na wageni wa hifadhi hupungua masika wakati marejesho ya benki hayapungui. Akikopa asilimia 90, miezi miwili ya vyumba vitupu inaweza kumfikisha kwenye mnada. Kama dhamana ni nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wake aridhie. Mazungumzo hayo yafanyike nyumbani mapema, hesabu za masika zikiwa mezani.

Kwa wanaodunduliza, mlango ulio karibu ni mikopo midogo ya nyumba, ambayo ina mfuko wake chini ya Benki Kuu unaozikopesha taasisi za fedha. Mkopo wa kumalizia paa unalipika kwa muda mfupi, na mkopaji anaendelea kuishi ndani ya nyumba anayoijenga.