Kisu cha Mzee na Miaka Yake

Mzee jirani yangu hapa Riruta Satellite alinijia jioni moja baada ya magharibi, kisu cha kukunja mkononi, mjukuu wake nyuma. "Wewe mtu wa pwani na mtu wa kalamu," akaniambia, "hebu kitazame hiki. Ni cha babu yangu. Alikuwa mpagazi wa Kariakoo katika vita vya 1914 hadi 1918, akakichukua kwa Mjerumani."

Mkusanyaji mmoja wa vitu vya kale alikwisha kutoa ahadi: kikiwa cha vita hivyo kweli, atatoa bei ya kutosha karo ya mjukuu muhula mzima, kikiwa cha baadaye, robo yake tu.

Kisu chenyewe, msomaji, huenda umepata kukiona: mpini wa mti uliotiwa nyota na miezi michanga, na pete ndogo ya kuvuta. Ndicho Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kiuzwe katika makoloni yao ya Afrika. Jina ni la mnyama wa misitu ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901. Na mwaka 1988 alama hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, uundaji ukahamia huko. Basi mipaka miwili tunayo. Lakini baina ya 1902 na 1988 pana bahari pana.

Watu wengi hukimbilia kutu. Kutu ni shahidi wa uongo: chumvi na siki hukizeesha chuma kwa siku chache, na sisi tuliolelewa ufukweni twalijua hilo. Makali yaliyolika nayo hayatoshi. Kisu cha mchinjaji humalizwa na kinoo upesi, na cha sandukuni hubaki kipya miaka hamsini.

Kanuni ni moja: kisu hakiwi na umri kupita kitu kichanga kabisa kilichozaliwa nacho. Chuma kisichoshika kutu kilitoka Sheffield mwaka 1913. Skrubu ya kichwa cha msalaba ilienea kutoka Marekani katika miaka ya 1930. Hata kisu cha kuagiza kwa fundi, kisicho na alama wala nambari, hupimwa hivyo hivyo, kwa vifaa vyake.

Nimesema "kilichozaliwa nacho" kwa makusudi. Kisu cha mzee kilikuwa na skrubu moja ya msalaba. Mjukuu akanyong'onyea. Lakini misumari mingine ilikuwa ya kupigwa nyundo, imesuguka ikalingana na mti, na tundu la skrubu lilikuwa limepanuliwa. Hicho ni kiraka cha fundi, hakikihukumu kisu. Kijana akatabasamu.

Nikaupangusa ubapa kwa mafuta. Karibu na mpini herufi zikajitokeza: Solingen, West Germany.

Nikanyamaza. Ujerumani iligawanyika kuwa dola mbili mwaka 1949. Kabla ya hapo maneno hayo hayakuwa na maana. Wala ubapa haukubadilishwa, kwani ulikuwa umejichimbia njia yake ndani ya mpini.

Kijana akasema polepole, "Babu, maandishi hayo hayaonekani sana. Tuyaache na uchafu wake."

Chuoni tulifundishwa kuwa muuzaji humwonyesha mnunuzi aibu ya bidhaa kabla ya kupokea fedha. Lakini kisu hakikuwa changu, wala karo si yangu. Nikamtazama mzee.

Akakaa kitambo, kisha akasema, "Basi si cha babu, ni cha baba. Mimi nilikuwa mtoto, nikidhani kila alichonacho amekirithi." Akamgeukia mjukuu: "Huyo mtu umwambie kama ilivyoandikwa."

Kiliuzwa kwa robo. Karo iliyobaki mzee anailipa kidogo kidogo.

Nanyi wasomaji wenye visu vya wazee masandukuni, andikeni leo mnachokijua: nani alikinunua, wapi, na nani alikitengeneza kilipovunjika. Msipoandika, wajukuu watavipa miaka ya kudhania.