KUMALIZA KAZI NJEMA KWA WAKATI WAKE

Leo tutajifunza jinsi mtu awezavyo kuaga kazi aipendayo kabla haijamchosha.

Sikilizeni habari hii. Huko Marekani yuko mchoraji aitwaye Bill Watterson. Tarehe 18 Novemba 1985 alianza kuchora katuni ya gazeti iitwayo Calvin and Hobbes. Ni habari za mtoto wa miaka sita na chui milia wake wa kitambaa. Kwa watu wengine, chui yule ni kitu cha kuchezea tu. Kwa mtoto, ni rafiki anayesema na kucheka.

Sasa ifikirini kazi yenyewe. Gazeti la kila siku halingoji. Leo umemaliza mchoro, kesho unatakiwa mwingine. Na Watterson alichora peke yake. Mara mbili alipumzika kwa miezi mingi, kisha akarudi. Lakini mwaka 1995 aliwaandikia wahariri barua ya kuaga. Mchoro wa mwisho ulitoka tarehe 31 Desemba 1995. Wakati huo magazeti zaidi ya 2,000 yalikuwa yakichapa katuni yake, naye alikuwa na umri wa miaka 37 tu.

Kwa nini aliiacha riziki kubwa namna hiyo? Alieleza kwamba amekwisha kufanya yote aliyoweza katika nafasi ile ndogo ya gazeti. Miaka mingi baadaye, mwaka 2010, alisema kwamba kama angeendelea kujirudia, wasomaji wangemchoka. Wazee walisema: ngoma ikivuma sana hupasuka.

Basi, wewe unayesuka mikeka, unayefinyanga vyungu au unayeongoza kwaya, jipime. Je, umechoka mwili tu? Pumzika, kisha urudi. Je, umepumzika, na bado unarudia yale yale bila furaha? Huenda kazi hiyo imetimia. Usiitupe njiani. Maliza iliyo mkononi, waage wenzako mapema, umfundishe atakayekufuata. Kuaga hivyo kuna hasara yake: fedha hupungua, na watu husikitika. Lakini kazi yako hubaki njema machoni pao, nawe hubaki na nguvu za kuanza nyingine.

Maswali ya kujadiliana:
1. Watterson alichora katuni yake kwa miaka mingapi?
2. Kupumzika na kuaga vina tofauti gani?
3. Andika sentensi tatu juu ya kazi uipendayo. Utajuaje kwamba imetimia?