Arua, Mlango wa Nchi Tatu

Askari anapokaribia kuvua sare na kurejea uraiani, swali linaloitawala nyumba yake si tena la cheo wala la uhamisho, bali ni la kiinua mgongo: fedha hizo zitafanya kazi gani, na zitaifanyia wapi? Wengi wamekwisha kuona jinsi jasho la miaka ishirini linavyoweza kuyeyuka katika muda wa mwaka mmoja, kwa gari bovu la abiria lililonunuliwa kwa papara, au kwa duka lililofunguliwa mahali penye maduka kumi yauzayo sabuni ile ile. Aghalabu kosa huanzia mahali. Mtu huichagua biashara kwanza, kisha huitafutia mji. Ingefaa auchague mji kwanza, autazame unavyokula na unavyonunua, ndipo biashara ijitokeze yenyewe.

Miongoni mwa miji ya Uganda inayostahili kutazamwa hivyo ni Arua, katika mkoa wa Nile Magharibi. Kutoka Kampala ni safari ya karibu kilomita 500. Basi huvuka maji ya Karuma, hupita kando ya mbuga ya Murchison ambako mara nyingine tembo husimama karibu na barabara, huvuka tena Nile kwenye daraja la Pakwach, kisha hupanda kuelekea Nebbi na kufika Arua. Kwa miaka mingi watu wa kusini waliuhesabu mji huo kuwa ndio mwisho wa nchi. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyeketi Kampala. Aliyeketi Arua huona Kongo upande wa magharibi, mwendo mfupi tu kwa pikipiki, na Sudan Kusini upande wa kaskazini, kupitia Koboko. Palipoonekana kuwa mwisho wa nchi moja, ndipo penye mlango wa nchi tatu.

Mipaka yenyewe iliwakuta watu wamekwisha kukaa. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ndani ya eneo la Lado, lililoshikwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Baada ya kifo chake mwaka 1909 eneo hilo likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Kwa hiyo Walugbara wamo Uganda na Kongo, Waaluri vivyo hivyo, nao Wakakwa wamegawanyika katika nchi zote tatu. Mfanyabiashara wa Arua anapovuka mpaka wa Vurra, mara nyingi haendi ugenini, bali huenda kwa mjomba. Lugha nazo zimemsaidia. Sokoni hapo husikika Kilugbara, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu cha Juba, na mtoto wa dukani huzibadilisha kwa kadiri mteja anavyosalimu. Wengi walizidisha lugha hizo ukimbizini, baada ya vita vya mwaka 1979 na miaka iliyofuata kuwasukuma maelfu ya watu wa mkoa huo kuingia Zaire na Sudan. Waliporudi, walirudi na marafiki, na rafiki aliye ng'ambo ya mpaka ni sehemu ya mtaji ingawa haandikwi katika daftari.

Kutoka Uganda huenda Kongo sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya kupikia, bia, saruji na mabati. Kutoka Kongo huja mbao, kahawa na vitenge ambavyo akina mama wa Arua huvijua kwa majina na kuvikagua kwa vidole kabla ya kuuliza bei. Soko la Ariwara, ndani ya Kongo, huwategemea sana wachuuzi wa upande huu. Malori makubwa yaendayo Juba hupitia Elegu zaidi, na jambo hilo si hasara kwa mwenye mtaji mdogo. Arua imebaki na biashara ya magunia na maboksi, ile ambayo mjane wa askari anaweza kuiingia kwa fedha za kawaida bila ya kushindana na mwenye malori ishirini.

Yapo pia mambo ambayo mgeni huelezwa kwa kunong'onezwa. Kwa muda mrefu petroli ya magendo iliingia Arua kutoka Kongo, nao vijana wakaiuza kwa madumu kandokando ya barabara hata wakapewa jina la OPEC. Kijana wa mtaani anaweza kujitetea kwamba hakuwa na kazi nyingine. Askari, awe kazini au mstaafu, hana utetezi huo, na anayeikodisha sare yake ili mzigo wa mwingine upite hajaanza biashara, ameanza kesi. Isitoshe, njia halali imekuwa nyepesi kuliko zamani. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, nayo Kongo mwaka 2022. Jumuiya hiyo ina cheti chepesi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kilichowekwa kwa ajili ya wachuuzi wadogo. Anayetaka kuvusha bidhaa na aende kwanza kwa watu wa forodha kuuliza ni zipi zilizomo katika orodha na utaratibu wa kila mpaka ukoje, kabla hajafunga gunia.

Hatari kubwa zaidi ya mpaka ni fedha zenyewe. Arua hupokea shilingi, franka, dola na pauni ya Sudan Kusini. Mwezi Desemba 2015 serikali ya Juba iliiachia pauni yake ijitafutie bei. Dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa pauni karibu tatu, ikapanda ghafla hadi pauni kumi na nane na zaidi. Mfanyabiashara aliyekuwa ameweka noti hizo sandukuni, au aliyekopesha mali kwa hesabu ya pauni, alijikuta ana karatasi nyingi na mali kidogo. Mwezi Julai 2016 mapigano ya Juba yakaanza upya na barabara ya Yei ikawa ya hatari. Mwaka 2020 mipaka ikafungwa kwa wasafiri kwa sababu ya Korona, malori ya mizigo yakaruhusiwa, lakini mama mwenye beseni kichwani hakuwa lori. Waliodhani kwamba mpaka ni mgodi usiokauka waliumia vibaya.

Ndiyo maana sababu njema ya kuichagua Arua haiko mpakani peke yake. Iko katika watu waliokusanyika karibu na mpaka huo. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilipandishwa kuwa jiji. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapo, Chuo Kikuu cha Muni kiko hapo, na mashirika yanayowahudumia wakimbizi yamejaza nyumba za kupanga. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa mwaka 2016 na katika muda wa miezi michache ikawa na watu zaidi ya robo milioni. Rhino Camp na Imvepi ziko karibu zaidi na jiji. Chakula cha msaada kimepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020, na maisha kambini ni magumu. Mwuzaji asijidanganye kwamba mkimbizi ana fedha za kutupa. Ila hata maskini hununua kibiriti, sabuni, dagaa na unga, kidogo kidogo, kila siku.

Mfano mwema ni muhogo. Mkoa mzima huulima na kuula, ukisagwa pamoja na ulezi au mtama. Muhogo mbichi ni mali ya bei ndogo na huharibika upesi. Ukishamenywa, ukaanikwa juu ya turubai badala ya kando ya barabara, ukasagwa na kutiwa katika mifuko midogo iliyo safi, huwa bidhaa inayotakiwa na mpangaji asiye na kinu, na mwanafunzi, na mwenye mkahawa. Asali nayo ina sifa ya siku nyingi katika Nile Magharibi. Iliyochujwa vizuri hupata wateja hadi Kampala. Kuna samaki wa Panyimur katika Ziwa Albert, kuna ufuta, kuna karanga. Paidha na milima ya Zombo hutoa kahawa nzuri ya arabika. Mayai ni mfano wa pekee: jiji linalokua huyahitaji kila asubuhi, na mpaka ukifungwa watu hawaachi kula mayai.

Umeme, uliokuwa kikwazo cha kwanza, umebadilika. Kwa miaka mingi Arua haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea jenereta, na kuanzia mwaka 2012 kituo kidogo cha maji cha Nyagak chenye megawati 3.5, kisichotosha mkoa mzima. Katika miaka ya hivi karibuni waya za gridi zimefika. Mashine ya kusaga, jokofu la samaki, kiangulio cha vifaranga na karakana ya kuchomelea vyuma, vilivyokuwa vikila faida yote kwa dizeli, sasa vinaweza kupigiwa hesabu upya.

Ardhi itazamwe kwa makini. Sehemu kubwa ya ardhi ya mkoa huu humilikiwa kwa desturi, yaani ni ya ukoo. Mtu mmoja mwenye njaa ya fedha anaweza kumwuzia mgeni shamba ambalo ndugu zake sita hawajaliuza. Mwenye busara hupanga kwanza, hukaa mwaka, hujulikana kwa majirani, na anaponunua huwaita wazee wa ukoo, majirani wa mipaka yote na viongozi wa mtaa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 pia inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya ardhi ya familia kuuzwa au kuwekwa rehani. Kifungu hicho kimeokoa nyumba nyingi, na mke wa askari anastahili kukijua kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote ya mkopo.

Kwa kweli ni yeye, zaidi ya mumewe, anayefaa kuulizwa juu ya safari hii. Askari aliye kazini anaweza kuhamishwa wakati wowote, na duka halihamishwi pamoja naye. Mke akiwa ndiye mwenye daftari, mwenye leseni ya jiji na mwenye ufunguo, biashara haitasimama siku mume apelekwapo kwingine. Vyama vya akiba na mikopo, Wazalendo cha wanajeshi na Exodus cha polisi, vipo. Ila mkopo uje baada ya biashara kuonekana inatembea, na kiinua mgongo kisiingizwe chote mara moja. Theluthi yake yatosha kuanzia. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari yalizunguka mbali na bidhaa zikachelewa. Mwenye duka aliyekuwa na akiba alingoja, asiye nayo alikuta rafu tupu na kodi ya nyumba palepale.

Anayefikiri juu ya Arua na aende akakae mwezi mmoja kabla ya kutoa fedha benki, na ikiwezekana aende mara mbili: Januari, wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jekundu na visima vikiwa haba, kisha Agosti, mvua zikiwa zimeshika na barabara za vijijini zikiwa tope. Alasiri asimame karibu na soko na kutazama akina mama wanarudi nyumbani na nini katika vikapu, na ni kitu gani wamekiulizia na kukikosa. Jioni aende kwenye vituo vya mabasi ya Kampala, aone mizigo inayopakiwa juu na ile inayoteremshwa, na amwulize mpakiaji gunia moja husafirishwa kwa shilingi ngapi.