Samaki Aliyeharibika Hatengenezwi kwa Moto

Jioni moja mtu na mkewe walifika kwenye zahanati ninayofanya kazi, huku pwani. Nyuso zao zilikuwa za moto. Vichwa viliwagonga, mioyo iliwaenda mbio, na miili iliwawasha. Mume alisema wametiliwa sumu na jirani.

Niliwauliza, "Mmekula nini?"

Mke akajibu, "Wali na vibua, mganga. Na niliwapika wakaiva sana."

"Mliwanunua saa ngapi?"

Mume akasema, "Saa 3 asubuhi, dikoni. Niliwatundika kwenye baiskeli nikapitia shambani. Nyumbani nilifika saa 10 jioni."

Hapo nikajua. Jirani hakuwa na kosa. Niliwapa dawa, na kesho yake walikuwa wazima. Lakini wengine huzidiwa.

Samaki akikaa kwenye joto, vijidudu huzaliana ndani ya nyama yake na kutengeneza sumu. Vibua, jodari na nguru hupata sumu hiyo upesi. Moto huua vijidudu, lakini sumu yao hubaki. Kukaanga, kukausha kwa moshi, kutia chumvi au ndimu hakuiondoi. Mara nyingine samaki huyo hata hanuki.

Kwa hiyo, samaki anunuliwe mwisho wa safari, siyo mwanzo. Mtazame vizuri. Macho yawe yamejaa na yanang'aa. Ndani ya mashavu kuwe kwekundu. Ukimbonyeza, nyama irudi mahali pake. Mfunike asipigwe na jua. Kama pana barafu, mtie kwenye barafu. Ukifika nyumbani mpasue, toa matumbo, mwoshe kwa maji safi, umpike mara moja.

Chakula cha watu wawili si kazi kubwa. Tafuta changu mmoja wa nusu kilo, nazi 1, nyanya 2, kitunguu 1, ndimu 1, bizari kidogo na chumvi.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Mpake samaki chumvi na ndimu.
3. Kuna nazi. Kamua tui zito, liweke kando. Kamua tena upate tui jepesi.
4. Chemsha tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya na bizari mpaka nyanya zilainike.
5. Mtie samaki, funika. Ameiva nyama inapoachia mfupa.
6. Punguza moto, tia tui zito. Koroga polepole lisikatike. Likianza kuchemka, epua.

Pakueni na wali na mchicha, mle chakula kikiwa cha moto. Kaeni pamoja, mgawane sawa. Mume asile minofu yote akamwachia mkewe kichwa na mchuzi. Mama mjamzito ndiye anayehitaji minofu zaidi, kwa sababu anajenga miili miwili.

Ukila samaki ukasikia ulimi unachoma kama umekula pilipili, na hukutia pilipili, acha kula. Uso ukipata moto, mwili ukawasha, au ukitapika na kuhara, nenda zahanati upesi. Usingoje asubuhi. Mweleze mganga ulichokula, na saa uliyokinunua.

Yule bwana siku hizi hupitia shambani kwanza. Dikoni huenda mwisho.