USALAMA NA AFYA: Kibao cha Umeme Unachokitengeneza Nyumbani



Shaba unayoichimba hurudi nyumbani kwako bila wewe kuitambua. Fungua redio yako uangalie kile kibao cha ndani: mistari yake inayong'aa ni shaba, unene wake kwa kawaida milimita 0.035 tu. Lehemu inayoshika vipande juu yake ina bati, na bati tunaijua sisi watu wa Tanganyika, maana Manono si mbali.

Sasa uko likizo Moba. Ndugu yako mvuvi anakuomba umtengenezee kibao cha kuongoza taa zake za kuvulia ndakala, za betri ya volti 12. Usimkatalie, ni kazi nzuri. Lakini taa hizo zitawaka usiku katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi wa mbao wenye dumu la mafuta ya injini. Fanya hesabu kabla ya kushika kalamu.

Mstari wa shaba ni kama mfereji: maji mengi yanataka mfereji mpana. Kwa ampea 1, upana wa milimita 0.3 hutosha, kwa ampea 3 chora 1.4, kwa ampea 5 karibu 3. Mimi ningeongeza kila mara, shaba ya kibao si ya kubania. Fuzi iwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri, kwa sababu betri ya gari ikigusanishwa nyaya hutoa mamia ya ampea. Na kumbuka kwamba ukigeuza kibao, mchoro unageuka kama uso katika kioo.

Hatari kubwa zaidi iko katika dawa ya kula shaba, yaani kloridi ya chuma. Inaunguza ngozi na inaweza kuharibu macho. Vaa miwani na glavu za mpira, fanya kazi nje ya nyumba. Tia unga ndani ya maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya unga, kwani hupata moto mkali na kutoa mvuke unaochoma. Chombo kiwe cha plastiki. Sufuria ya alumini ya mama watoto italiwa na dawa hiyo hata ikatoboka, na ugomvi wake huo sitauamua mimi.

Usiihifadhi kamwe katika chupa ya bia au ya limonadi. Rangi yake ni ya kahawia, na mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Itie katika dumu lililoandikwa SUMU, ulifungie. Dawa iliyotumika imebeba shaba inayoua samaki: usiimwage ziwani wala mtoni. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie.

Unapotoboa, lowesha kibao na ufunike pua, vumbi lake lina nyuzi za kioo. Moshi wa kuchomelea ni wa utomvu, unakera mapafu, hasa ya mwenye pumu. Risasi iliyo ndani ya lehemu haipandi na moshi huo. Inapitia vidoleni hadi mdomoni. Nawa kwa sabuni kabla ya kushika ugali au sigara, na meza ya kazi isiwe meza ya chakula.

Kibao kikiisha, kijaribu nchi kavu saa nzima, taa zote zikiwaka. Gusa mistari mipana kwa kidole: ikikuchoma, rudi kwenye karatasi.